Kabla hujavuka Songwe au Ruvuma: kuchagua na kutumia GPS ya mkononi

Mimi ni dereva, nakaa Lindi mjini. Kazi yangu ni kupeleka mizigo midogo na abiria wa kukodi, mara nyingi Malawi kwa njia ya Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Mbeya hadi mpakani Kasumulu. Vijana wanaoanza kazi hii wananifuata na swali moja: "Mjomba, ninunue GPS gani?" Nitalijibu humu. Ila kila anayeuliza namwambia kwanza anunue angalau mwezi mmoja kabla ya safari, kwa sababu makosa niliyoyaona njiani, yangu na ya wenzangu, karibu yote yalikuwa ya mtu asiyekizoea kifaa chake. Setelaiti zenyewe sijaziona zikikosea kwa namna ya kumpoteza mtu.

HATUA YA 1: Hakikisha kweli unaihitaji

Simu yako ina GPS ndani, nayo inafanya kazi bila laini wala bando. Wengi hawalijui hili. Simu hupokea mawimbi kutoka setelaiti moja kwa moja. Kinachokula bando ni ramani. Ukipakua ramani ya nchi nzima ukiwa bado Lindi, kwa programu kama Organic Maps au OsmAnd, utafika Lilongwe na simu yako bila hata shilingi ya intaneti. Kwa mtu wa lami tupu, hiyo inatosha, abakishe pesa yake.

Kipokezi cha mkononi, yaani ile GPS yenyewe ya kushika, kinaanza kudai nafasi yake ukiacha lami. Simu iliyobandikwa juu ya dashibodi saa 8 mchana inachemka na kujizima. Ikilowa au ikianguka kwenye changarawe, umepoteza ramani, namba za watu na pesa zako kwa wakati mmoja. Kipokezi kinatumia betri zinazouzwa kila duka, kina vitufe unavyoweza kubonyeza ukiwa na mikono yenye grisi, na kikianguka unakiokota. Mimi natembea na vyote viwili: simu kwa ajili ya kutazama ramani kubwa, kipokezi kwa ajili ya kuweka kumbukumbu ya njia.

HATUA YA 2: Chagua kwa kazi, usichague kwa umbo

Angalia betri kwanza. Vipokezi vingi vya mkononi, mfano Garmin eTrex 22x, vinatumia betri mbili ndogo za AA, zile za saa ya ukutani, na vinakaa hadi saa 25. Vingine vipya vina betri ya ndani ya kuchaji inayodumu muda mrefu zaidi. Hizo ni nzuri, lakini ikiisha mbali na gari huna pa kwenda. Kwa safari zetu mimi nachagua AA bila kusita. Jihadhari tu na betri za bei ya chini za tochi: ndani ya GPS zinakufa haraka sana. Tafuta alkalaini, au zile za kuchaji pamoja na chaja ya gari.

Pili, nafasi ya kadi ya kumbukumbu, ili uweke ramani za nchi zaidi ya moja. Kipokezi kisichopokea ramani bado kinafaa kurekodi njia na pointi (alama za mahali unazohifadhi), na bei yake ni nafuu, lakini ukiwa ugenini utaona kishale kikielea kwenye ukurasa mweupe.

Tatu, kipokee zaidi ya mfumo mmoja. GPS ni ya Marekani, ina setelaiti kama 31 zinazofanya kazi, zikizunguka kimo cha kilomita 20,200 hivi. Warusi wana GLONASS, Ulaya wana Galileo, na China wana BeiDou. Kipokezi kinahitaji setelaiti nne ili kijue mahali ulipo pamoja na kimo chako. Ukiwa bondeni au chini ya miti mikubwa, zile nne za mfumo mmoja huenda zisionekane vizuri, hapo ndipo mfumo wa pili unapokuokoa.

Dira ya elektroniki na kipimo cha kimo kwa hewa ni vizuri kuwa navyo, si lazima. Vile vinavyotuma ujumbe kwa setelaiti, kama Garmin inReach, ni jambo lingine: vina ada ya kila mwezi au mwaka, na nchi nyingine zinataka kibali cha chombo chochote cha mawasiliano ya setelaiti. Uliza ubalozi wa nchi unayokwenda kabla ya kulipa.

Ukinunua kilichotumika, usikijaribu ndani ya duka. Toka nje, simama mahali pa wazi, subiri. Fungua mfuniko wa betri uangalie kutu ya kijani kwenye vyuma. Hewa ya chumvi ya huku kwetu inakula vyuma hivyo hata kama kifaa hakikuguswa na maji. Kisha tazama tarehe. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 halafu inaanza upya, na mara ya mwisho hesabu ilirudi mwanzo Aprili 2019. Kipokezi cha zamani ambacho programu yake haikusasishwa kinaweza kukuonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Mara nyingi mahali kitakupa sawa, lakini kumbukumbu zako zote zitakuwa na tarehe za uongo. Omba punguzo, au kiache.

HATUA YA 3: Kiseti ukiwa nyumbani

Kaa mezani nusu saa. Weka kipimo cha kilomita. Weka datumu ya WGS 84 (datumu ni msingi wa vipimo ambao ramani au kipokezi hutumia kuhesabu mahali), nitaeleza sababu. Chagua aina ya betri unayotumia, kwa sababu betri ya kuchaji ina volti 1.2 na ya kawaida 1.5, ukikosea, kipokezi kitakudanganya kuhusu chaji iliyobaki. Zima kipengele cha WAAS au EGNOS, yaani masahihisho ya ziada ya mahali: hayo yametengenezwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini na Ulaya, huku kwetu yanamaliza betri bure.

Saa nayo. Malawi, Msumbiji na Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukitoka Kasumulu saa 4 asubuhi, ng'ambo ya mto Songwe ni saa 3. Mimi kipokezi nakiacha kwenye saa ya Tanzania mpaka nimalize mpaka, halafu nabadilisha, ili nisichanganye muda wa ofisi za pande mbili.

HATUA YA 4: Zijue koodineti kama unavyojua namba ya gari lako

Hapa ndipo watu wanapotea, na hapa nataka usome polepole.

Koodineti ni namba mbili zinazotaja mahali: latitudo, ya kaskazini au kusini, na longitudo, ya mashariki au magharibi. Mahali pamoja pana namna tatu za kuandikwa. Kuna digrii za desimali, mfano 11.4567. Kuna digrii na dakika za desimali, mfano 11°27.4′. Kuna digrii, dakika na sekunde, mfano 11°27′24″. Hizo tatu ni mahali palepale. Digrii moja ina dakika 60, kama saa. Haina dakika 100.

Mwaka mmoja tulibeba vipuri vya pampu kwenda kwa mteja karibu na Mzuzu. Ofisi yake ilituma karatasi yenye koodineti, na mwandishi alikuwa ameacha alama ya digrii: "S 11 27.4, E 34 02.0". Mimi kipokezi changu kilikuwa kwenye digrii za desimali. Nikaandika 11.274 na 34.020, nikaona kishale kimetulia, nikaridhika. Tuliupita mji wenyewe... la, hatukuupita hata: tulikuwa tunatoka Karonga, na kishale kikatutoa kwenye lami kabla ya mji, tukaingia njia ya vumbi, jioni inaingia. Utingo wangu, mtoto wa dada, akasema, "Mjomba, hiki kitu kinatupeleka mlimani, na mlimani hakuna pampu." Nikasimamisha gari. Nikatoa karatasi, nikaisoma tena kwa tochi, nikafanya hesabu: 27.4 gawanya kwa 60 ni 0.4567. Ilitakiwa 11.4567. Tofauti ya 0.183 ya digrii ni zaidi ya kilomita 20, maana digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Pale tulipotakiwa palikuwa kusini, kwenye lami. Tungeendelea na kile kishale, usiku ungetukuta porini kwa kosa la nukta moja.

Kwa hiyo fanya hivi kila unapopewa koodineti:

Muulize aliyekupa ni ya muundo gani, na umwombe akutumie pamoja na alama zake. Badilisha kipokezi kiwe kwenye muundo uleule wa karatasi kabla ya kuandika. Usifanye hesabu kichwani. Ukishaandika, rudisha kipokezi kwenye muundo uliouzoea. Halafu fungua ramani utazame pointi imeangukia wapi. Iko kwenye nchi sahihi? Iko karibu na mji uliotajwa? Umbali unafanana na wa barabara?

Hilo la nchi sahihi si mzaha. Lindi iko latitudo 10.0 kusini, longitudo 39.7 mashariki. Ukisahau herufi S, au alama ya kutoa mbele ya namba, umejikuta Ethiopia, kaskazini mashariki ya Addis Ababa. Ukipindua namba mbili hizo uko baharini, kusini magharibi mwa Afrika Kusini. Upande wa Msumbiji utakutana na koma badala ya nukta kwenye desimali, kwa sababu Wareno ndivyo wanavyoandika: 12,97 ni 12.97.

Wapima ardhi na watu wa misitu wanatumia mfumo wa UTM, namba ndefu za mita. Ukipewa hizo, lazima upewe na zoni, yaani ukanda wa dunia ambamo namba hizo zinahesabiwa. Lindi, Mtwara, Masasi na Tunduru ziko zoni 37 kusini. Mstari wa longitudo ya digrii 36 unapita jirani na Namtumbo, na kuanzia hapo kwenda magharibi Songea, Mbeya na Mzuzu ni zoni 36. Namba zilezile bila zoni ni mahali pengine kabisa, kilomita mamia kando.

HATUA YA 5: Ramani, za ndani na za karatasi

Ramani za bure za OpenStreetMap zinapatikana kwa muundo wa vipokezi vya Garmin. Za kulipia, Tracks4Africa wana sifa kwa barabara za vumbi za Afrika. Weka nchi unayokwenda na za jirani zake, kisha zima simu na kompyuta, fungua ramani kwenye kipokezi chenyewe, tafuta miji mitano ya njiani. Isipoonekana mezani haitaonekana porini.

Majina yanabadilika ukivuka. Ruvuma yetu kwa Msumbiji ni Rovuma. Ziwa Nyasa kwa Malawi ni Lake Malawi, na kwa Msumbiji ni Lago Niassa. Usipopata jina, tafuta kwa tahajia ya upande wa pili.

Ramani ya karatasi ibebe pia. Lakini ramani za zamani za Tanzania za skeli ya 1:50,000 zimechorwa kwa datumu ya Arc 1960. Ukichukua namba za karatasi hiyo na kuziweka kwenye kipokezi chenye WGS 84, unakosea kwa zaidi ya mita 300. Kwa kutafuta mji haina shida. Kwa kutafuta kivuko cha mto au kisima, mita 300 ni kubwa. Datumu imeandikwa pembezoni mwa karatasi. Badilisha kipokezi kwa muda, andika pointi, kisha kirudishe WGS 84. Na pointi zilizochukuliwa kwa GPS kabla ya Mei 2000 zitilie shaka: mpaka wakati huo Marekani ilikuwa inaharibu makusudi mawimbi ya raia, na kosa liliweza kufika mita 100.

HATUA YA 6: Fanya mazoezi hapa hapa

Kipokezi kilichokaa kabatini miezi kadhaa kisiulizwe chochote kwa robo saa ya kwanza. Kila setelaiti hutangaza habari zake kila sekunde 30, lakini orodha kamili ya setelaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Kiweke juu ya ukuta wa uwanja wako, kitazame mbingu, ukanywe chai.

Kisha nenda nacho kwenye mikorosho. Simama nje ya shamba usome kiwango cha usahihi, labda mita 4. Ingia chini ya mkorosho mkubwa wenye majani mazito, tulia, soma tena. Utaona namba inapanda na kishale kinatangatanga ingawa wewe umesimama. Ukiliona hilo kwa macho yako, hutashangaa ukiwa bondeni ugenini. Chukua pointi kwenye shina, ondoka hatua 200, rudi kwa kufuata kishale peke yake bila kuangalia mti. Kitakuleta karibu, hakitakuleta kwenye shina. Mita za mwisho ni za macho yako.

Zoezi la pili, nenda ufukweni Lindi mjini, weka Kitunda kama mwisho wa safari. Kipokezi kitakuambia ni karibu, na kweli unaona nyumba zake ng'ambo ya maji. Lakini kwa gari unazungushwa hadi Mingoyo na kurudi. Namba ya umbali kwenye kishale ni ya mstari ulionyooka, ya ndege. Zoezi hilo likikukaa kichwani, siku ukiona "kilomita 6" katikati ya milima hutasema tumefika.

Fanya pia zoezi la usiku: badilisha betri gizani, weka pointi, ipe jina, futa. Vidole vijue.

HATUA YA 7: Barabarani

Kifunge karibu na kioo cha mbele ambapo kinaona mbingu. Anayeendesha asikibonyeze; hiyo ni kazi ya utingo au abiria wa mbele.

Washa rekodi ya njia kabla ya kutoka nyumbani na usiizime mpaka unarudi. Hiyo ndiyo thamani kubwa ya kifaa hiki, kuliko hata ramani. Ramani imechorwa na mtu mwingine, wakati mwingine. Rekodi yako inasema gari lako, lenye uzito huu, lilipita hapa wiki hii. Ukipotea, inakurudisha kwenye alama za matairi yako mwenyewe.

Pointi chukua kila njia panda isiyo na kibao, kila kituo cha mafuta, kila fundi uliyemwona yuko vizuri, kila kivuko cha mto, na mahali pa kulala. Kwenye vipokezi vingine kuna kitufe kimeandikwa MARK. Kwenye vingine unabana kitufe cha katikati sekunde chache. Jina lipe pale pale. Usiache 001, 002, 003. Baada ya siku mbili hutajua 014 ilikuwa mafuta au makaburi. Mimi naandika kifupi: MAF kwa mafuta, PND kwa njia panda, MTO, LALA. Pembeni nina daftari, kila pointi muhimu naiandika kwa kalamu pamoja na namba zake, maana daftari haliishiwi chaji.

Na uliza watu. Kipokezi kinajua barabara ipo. Hakijui kwamba kalvati limebebwa na mvua juzi. Mwenye pikipiki aliyetoka huko asubuhi anajua.

HATUA YA 8: Mpakani na kwa askari

Beba risiti ya kipokezi, la sivyo wakati wa kurudi unaweza kudaiwa ushuru kana kwamba umekinunua nje. Kiweke wazi, usikifiche, na ukiulizwa eleza kwa maneno mepesi kwamba ni cha kuonyesha njia. Usichukue pointi wala picha kwenye kambi, kizuizi, daraja la mpakani, au mitambo kama ile ya gesi ya Madimba. Mtu aliyekutwa na orodha ya maeneo ya namna hiyo atapata tabu kujieleza.

Kwa Msumbiji nasema kwa uzito zaidi. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma pale Mtambaswala lina mita 720 na lilifunguliwa mwaka 2010, na kuna kivuko cha Kilambo. Kwenye skrini njia zote mbili zinaonekana nyeupe na tulivu. Lakini mapigano ya Cabo Delgado yalianza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, Palma ilishambuliwa Machi 2021, na Oktoba 2020 Kitaya, kwetu huku Mtwara, nako kulivamiwa. Uliza uhamiaji na polisi wa upande wetu wiki hiyo hiyo unayosafiri, na wakikuambia usiende, usiende.

HATUA YA 9: Ukihisi umepotea

Simama. Usikate pori kufuata kishale hata kama kinasema kilomita mbili. Angalia setelaiti zipo ngapi na usahihi ni mita ngapi. Angalia kama datumu na muundo ni uleule uliouweka nyumbani, maana mtoto au abiria anaweza kuwa alibonyeza. Kama kila kitu kiko sawa na njia haieleweki, geuza gari, fungua rekodi yako, ifuate kinyume hadi pointi ya mwisho unayoitambua kwa macho. Uanzie hapo upya, mchana.

Ukirudi nyumbani, hamishia rekodi kwenye kompyuta au kadi nyingine kwa faili la GPX (aina ya faili la kuhifadhia njia na pointi), ulipe jina la njia na mwezi. Pangusa kipokezi kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo ya chumvi, kikaushe, na utoe betri kabla hujakirudisha kabatini.